Santuri kama Matini: Hapsikodi, Chepkong na Sikio la Mhakiki

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi simulizi katika vyuo vyetu umezoea kukutana na wimbo ukiwa umekwisha kuwa karatasi. Mtu aliimba, mwingine akaandika, wa tatu akatafsiri, ndipo mhakiki akaketi na kalamu yake kutafuta fani na maudhui. Desturi hii imetupa kazi nyingi za thamani. Kitabu cha Ciarunji Chesaina kuhusu fasihi simulizi ya Wakalenjin, kilichotoka mwaka 1991, kimewafaa walimu na wanafunzi wengi ambao bila hicho wasingekuwa na pa kuanzia. Hata hivyo, mazoea ya karatasi yametufanya tusahau kuwa kwa baadhi ya nyimbo za Afrika Mashariki sauti zenyewe zimehifadhiwa, na kwamba zimekuwa zikingoja wahakiki kwa zaidi ya miaka sabini.

Makala haya yanachunguza namna ya kuihakiki santuri. Hoja yetu ni kwamba santuri ni matini, yenye fani yake, watunzi wake zaidi ya mmoja na mapengo yake, na kwamba inadai kusomwa kwa sikio kwa umakini ule ule tunaoutumia kuusoma ukurasa. Mfano wetu mkuu ni wimbo "Chemirocha", uliorekodiwa mwaka 1950 huko Kapkatet, katika nchi ya majani chai inayotandaa kutoka Kericho hadi Bomet. Lakini kabla ya kufika Kapkatet tutapita kwanza kwenye sonata za hapsikodi za mtunzi wa Kiitalia, Domenico Scarlatti (1685–1757), kama zinavyosikika katika santuri. Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini jarida la fasihi ya Kiswahili lijitie katika muziki wa makasri ya Ulaya. Jibu la kwanza limo katika lugha yenyewe.

Kinanda na santuri: ushahidi wa maneno

Neno "kinanda" kwa wengi wetu leo humaanisha ala ya vibao inayopigwa kanisani au katika bendi. Katika Kiswahili cha zamani, na katika mapokeo ya ushairi wa pwani, kinanda kilikuwa ala ya nyuzi, ya kukumbatiwa na kuchanwa kwa vidole. Maana hizi mbili si za kubahatisha. Hapsikodi ni mahali zinapokutana: kwa sura ni ala ya vibao, kwa sauti ni ala ya nyuzi za kuchanwa. Kidole kinapobonyeza kibao, kijiti kidogo huinuka ndani ya sanduku, na kijino kilichotiwa ubavuni mwake, ambacho zamani kilichongwa kutokana na unyoya wa ndege, huuchana uzi na kuupita. Kanuni, ambayo wapenzi wa taarabu ya Unguja wanaijua vyema, ni jamaa ya karibu ya ala hiyo. Tofauti ni kwamba mpiga kanuni huchana nyuzi mwenyewe kwa vidole vilivyovikwa vijino, bila vibao vya kumsaidia.

Neno "santuri" nalo lina nasaba hiyo hiyo. Santuri ya Uajemi na Iraki ni ala ya nyuzi zinazogongwa kwa vijiti vyepesi. Waswahili walipoletewa sanduku linaloimba, waliliita kinanda cha santuri, na baadaye sahani yenyewe ikaitwa santuri. Kwa maneno mengine, lugha yetu haikuiona sahani hiyo kuwa kioo kinachoonyesha tu muziki uliopigwa mahali pengine. Iliihesabu miongoni mwa ala. Naona kuwa hapo pana nadharia nzima ya uhakiki: santuri nayo hupigwa, nayo ina tabia yake, na anayeisikiliza husikiliza ala mbili kwa wakati mmoja.

Sonata moja, santuri mbili

Hapsikodi ina upungufu mmoja mashuhuri. Mpigaji akibonyeza kibao kwa nguvu au kwa upole, ukubwa wa sauti haubadiliki kiasi cha kutambulika, kwa kuwa kijino huuchana uzi kwa namna ile ile. Mwimbaji anaweza kunong'ona na kupaza. Mpiga ngoma anaweza kugusa na kupiga. Mpiga hapsikodi amenyimwa njia hiyo. Anabakiwa na wakati: kuchelewesha noti kidogo ili isubiriwe, kuyavunja mapigo ya pamoja yadondoke moja baada ya jingine, kuacha pengo la kimya kabla ya neno zito, kutia madoido hapa na kuyaacha pale. Mhakiki wa ushairi atatambua mara moja kuwa hizi ni mbinu anazozijua. Kituo, mkato, urari na takriri ni mambo ya wakati kabla hayajawa mambo ya wino.

Scarlatti aliandika sonata zinazohesabiwa kuwa 555. Alipokuwa Lisbon alimfundisha Maria Barbara, binti mfalme wa Ureno, na binti huyo alipoolewa Hispania mwaka 1729 akamfuata, akaishi huko hadi kufa kwake mjini Madrid. Sonata 30 zilichapishwa London mwaka 1738. Zilizosalia tumezipata hasa kutokana na nakala zilizoandikwa na wanakili, zikiwemo juzuu 15 zilizotayarishwa kwa ajili ya Maria Barbara na ambazo sasa zimehifadhiwa Venice. Maandishi ya mkono wa mtunzi mwenyewe hayakutufikia. Jambo hili linafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba muziki wa Ulaya ni wa maandishi na wetu ni wa mdomo. Huko nako kazi imefika kwa mikono ya watu wengine, na madoido mengi mpigaji aliachiwa ayatie mwenyewe.

Sasa tuchukue santuri mbili. Ya kwanza ni ya Wanda Landowska (1879–1959), aliyezirekodi sonata za Scarlatti katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa vita vikuu vya pili. Alitumia hapsikodi kubwa iliyoundwa na kampuni ya Pleyel ya Ufaransa, yenye fremu ya chuma na sauti nzito ambayo Scarlatti hakuwa nayo. Ya pili ni ya Scott Ross (1951–1989), Mmarekani aliyekulia muziki Ufaransa, ambaye katika miaka ya 1984 na 1985 alirekodi sonata zote 555. Yeye alifuata mkondo wa wapigaji waliorudia ala zilizoundwa kwa mfano wa zile za kale, ambazo ni nyepesi na zenye mlio mkavu wa mchano. Noti ni zile zile, lakini kwa Landowska sonata ni jengo la mawe, na kwa Ross ni mazungumzo ya haraka ya mtu mwenye mzaha. Anayeuliza ni ipi sonata ya kweli anauliza swali lisilo na jibu, maana sonata aliyonayo mkononi ni nakala ya wanakili, na iliyo sikioni ni kazi ya mpigaji, ala na mashine.

Kuna jambo moja zaidi katika santuri za Landowska ambalo halimo katika noti zozote. Mwanzoni mwa mwaka 1940 alikuwa akirekodi Paris, na katika mojawapo ya sonata hizo inasikika mizinga ya kutungulia ndege ikipiga nje. Hakusimama. Miezi michache baadaye aliukimbia mji, na maktaba yake ikaporwa na Wanazi. Mhakiki wa karatasi atasema mizinga hiyo ni kelele iliyoingia kwa bahati mbaya. Lakini msikilizaji hawezi tena kuitenga. Anasikia vidole vinavyoshika wakati kwa uthabiti huku nje wakati unavunjika, na maana ya kazi imebadilika. Santuri imeingiza ulimwengu katika matini bila kumwomba ruhusa mtunzi.

Tunajifunza mambo matatu hapa. Kwanza, maana inaweza kukaa katika wakati na madoido zaidi ya maneno au noti. Pili, ala na mashine ni watunzi wenza. Tatu, mazingira ya kurekodi ni sehemu ya matini. Tuyabebe mafunzo haya matatu mpaka Kapkatet.

Chemirocha na maelezo yake

Hugh Tracey (1903–1977), Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, alizunguka sehemu nyingi za bara akirekodi nyimbo na ngoma, na mwaka 1954 akaanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mwaka 1950 alifika Kapkatet, karibu na mahali mpaka wa kaunti za Kericho na Bomet unapopita leo, akawarekodi Wakipsigis. Katika rekodi hizo kuna nyimbo tatu zenye jina moja, "Chemirocha", zikitofautishwa kwa namba. Ya tatu, iliyoimbwa na wasichana na kuandikwa kwa jina la Chemutoi Ketienya na wenzake, ndiyo iliyopata umaarufu duniani.

Jina hilo lina kisa. Chemirocha ni Jimmie Rodgers (1897–1933), mwimbaji wa Mississippi, Marekani, aliyejulikana kwa gitaa na kwa sauti yake ya kupanda na kuvunjika ghafla. Santuri zake zilipigwa kwa gramafoni katika nchi ya Wakipsigis. Tracey alieleza kwamba wasichana walimwona mwimbaji huyu kuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu swala, na kwamba katika wimbo wanamwalika acheze ngoma ya kurukaruka kwa nguvu hata aruke na kutoka katika nguo zake.

Maelezo haya yamesafiri mbali kuliko wimbo. Wengi wanaoujua wimbo wameyajua kwanza maelezo, na wanapousikiliza wanasikia kile walichokwisha kuambiwa: watoto wasio na hatia, mashine ya ajabu, imani ya kale inayomgeuza mzungu kuwa mzimu wa porini. Ni kisa kitamu. Swali la mhakiki ni kama kisa hicho kimo katika santuri au kimo katika maandishi yaliyoambatana nayo.

Kusikiliza upya

Tuanze na wakati, kama tulivyofunzwa na hapsikodi. Wimbo ni mfupi mno. Chepkong, kinanda cha nyuzi cha Wakipsigis kilicho cha ukoo mmoja na nyatiti ya Wajaluo na litungu ya Waluhya, kinazungusha kifungu kifupi kinachojirudia. Juu yake sauti ya kiongozi inatangulia, na wenzake wanaingia na kiitikio, jina la Chemirocha likirudi tena na tena. Nyuzi za chepkong hazibebi maana kwa kupaa na kushuka kwa ukubwa wa sauti, bali zinashika wakati ili sauti za wasichana ziweze kuuchezea. Msikilizaji atakayefuata nyuzi peke yake kwa mara ya kwanza, na sauti peke yake kwa mara ya pili, atagundua kuwa utulivu wa wimbo unatoka chini, kwenye kinanda, na kwamba sauti zilizo juu ni nyepesi, karibu na kicheko. Hilo haliwezi kuonekana katika maneno yaliyotafsiriwa, hata yakitafsiriwa vizuri.

Ufupi wenyewe tusiudhanie kuwa wa wimbo. Upande mmoja wa santuri ya kale ulibeba takriban dakika tatu, na Tracey alikuwa na mazoea ya kushika maikrofoni mkononi, akiisogeza kwa mwimbaji au kwa ala, huku akikadiria urefu wa wimbo kwa kipimo cha santuri. Kwa hiyo tunaposikia kiongozi yuko karibu na kinanda kiko nyuma, tunasikia uamuzi wa mkono ulioshika maikrofoni. Na tunaposema wimbo unakwisha ghafla, yamkini ni santuri iliyokwisha. Nyimbo za kiongozi na kiitikio hurefushwa kadiri wachezaji wanavyotaka. Mwanafunzi anayeandika kwamba "msanii ametumia mtindo wa mkato" amemsifu Chemutoi Ketienya kwa kazi iliyofanywa na sahani.

Pili, tulisikilize jina. Kikipsigis hakitofautishi konsonanti ghuna na sighuna kama Kiingereza kinavyofanya, hivyo si ajabu j ya "Jimmie" ikawa ch. Lakini jina lililotoka katika tanuri hiyo lina jambo zaidi. Majina mengi ya wanawake wa Kikipsigis huanza na Che- au Chep-: Chebet, Chepkoech, Chemutai. Ya wanaume aghalabu huanza na Ki- au Kip-. Mwanamume wa Mississippi, aliyewahi kufanya kazi katika reli, amepewa jina linaloanza kama la msichana. Kwenye lebo, Chemutoi na Chemirocha yanasimama karibu kama majina ya dada wawili. Siwezi kudai kuwa waimbaji walikusudia hivyo, kwa kuwa matamshi peke yake yangetosha kuleta matokeo hayo. Ninachodai ni kwamba sikio la Mkipsigis haliwezi kuukosa mlio huo, na kwamba mlio huo unafungua mlango wa mzaha ambao maelezo ya Tracey hayakuutaja.

Tatu, tuliangalie tendo lenyewe kama Tracey alivyolieleza. Wasichana wanamwalika mgeni acheze kwa kuruka hata nguo zimtoke. Je, hii ni sauti ya watu wanaoabudu au wanaoogopa? Katika fasihi simulizi ya jamii nyingi za Afrika Mashariki, wasichana wanaoimba kwa kundi wana leseni ya kutania: humtania bwana harusi, mgeni, mwenye cheo. Kumwalika mtu mwenye makuu aruke mpaka abaki uchi ni utani wa wazi. Kiumbe nusu mtu nusu swala naye hana lazima ya kuwa imani. Anaweza kuwa tashibiha. Mtu ambaye sauti yake hupanda na kuvunjika ghafla, na ambaye hakuna aliyepata kumwona, anafananishwa na mnyama arukaye. Kama shairi la Kiswahili lingemwita mwanamke paa, hakuna mhakiki ambaye angeandika kwamba mshairi aliamini ana pembe. Kwa nini basi tuwanyime wasichana wa Kapkatet haki ya kutumia sitiari?

Nne, tuikumbuke mizinga ya Paris. Nje ya santuri ya Kapkatet kulikuwa na nini? Tangu miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zimekwisha kuotesha majani chai katika ardhi ya Kericho iliyotwaliwa na serikali ya kikoloni. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuuondoa ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, na watu wake wakahamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Mambo hayo hayasikiki katika santuri, na sitaki kuyalazimisha yasikike. Lakini mwaka 1950 hapakuwa na Mkipsigis aliyehitaji kuambiwa mgeni ni nani na ana uwezo gani. Wimbo wa kumtania mgeni mbele ya mgeni mwingine mwenye maikrofoni una makali ambayo kisa cha watoto wasio na hatia hakina nafasi ya kuyaweka.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kuwa kuiweka chepkong kando ya hapsikodi ni kuitafutia heshima Ulaya. Ingekuwa hivyo kama tungesema chepkong ni nzuri kwa sababu inafanana na hapsikodi. Tulichofanya ni kuchukua zoezi la sikio. Isitoshe, faida imekwenda pande zote mbili: aliyezoea kiongozi na kiitikio atasikia kwa urahisi namna mikono miwili ya Ross inavyodakizana maneno, na aliyezoea kufunika wimbo kwa madoido yake mwenyewe hatashangaa kuona sonata ile ile ikibadilika mkononi mwa mwingine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtu atasema kwamba sikio la mhakiki asiyekijua Kikipsigis vizuri ni sikio nusu, na kwamba kusoma mzaha katika sauti ni hatari sawa na kusoma imani katika maelezo. Nalikubali. Ndiyo sababu usomaji uliotolewa hapa ni wa kupendekeza tu, na wenye hukumu ni wale ambao lugha hiyo ni ya nyumbani kwao. Katikati ya miaka ya 2010 maktaba iliyoanzishwa na Tracey, kwa ushirikiano na Ketebul Music ya Nairobi iliyoasisiwa na Tabu Osusa na mradi wa Singing Wells, ilirudisha nakala za rekodi hizo Kapkatet, na wazee wakazisikia sauti za ujana wao. Tendo hilo lilikuwa la haki. Lakini kurudisha sauti bila kurudisha mamlaka ya kuifasiri ni kuirudisha nusu. Maelezo ya mwaka 1950 yangali yanaongoza masikio ya ulimwengu.

Hitimisho

Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka Idara ya Kiingereza mjini Nairobi ifutwe, na fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Ushindi wao ulikuwa mkubwa, na sisi wa idara za Kiswahili tumeurithi. Lakini tuliileta fasihi simulizi darasani ikiwa imevuliwa sauti, na tukaanza kuifundisha kana kwamba ilizaliwa ikiwa imechapwa. Mwanafunzi atokaye Bomet hupewa wimbo wa kwao katika tafsiri ya Kiswahili, akaombwa ataje tamathali zilizomo, na hupata alama bila kuusikia.

Pendekezo letu ni dogo na halihitaji fedha nyingi, kwa kuwa rekodi hizi siku hizi zinapatikana kwa urahisi hata kwenye simu. Wimbo usikilizwe kwanza, mara tatu, bila maelezo yoyote. Wanafunzi waandike walichosikia: nani anatangulia, nani anaitikia, ala inafanya nini, kimya kiko wapi. Baada ya hapo yaletwe maneno kwa lugha yake, kisha tafsiri, na mwisho kabisa maelezo ya aliyerekodi, nayo yahakikiwe kama matini nyingine yoyote, yenye mwandishi, wakati na nia. Mwanafunzi anayekijua Kikipsigis siku hiyo atakuwa mwalimu, na mhadhiri atakaa chini asikilize. Chemutoi Ketienya na wenzake waliimba kwa ajili ya masikio. Uhakiki wao nao hauna budi kuanzia hapo.